Kunguru Hafugiki: Dada wa Ng'ambo na Kunguru wa Bibi Yake

Kunguru hafugiki. Msemo huu mtaani wala hauhusu ndege. Anaambiwa mwanamume asiyetulia nyumbani, anaambiwa dada aliyepewa kila kitu na bado akaondoka. Lakini iko nyumba moja Ng'ambo, Unguja, ambako msemo huo ulikuwa unachekwa kila siku saa moja asubuhi. Saa hiyo kunguru mmoja mwenye mguu uliopinda alikuwa anatua juu ya ukuta wa uani, analia mara mbili, kisha anatulia kusubiri ukoko wake.

Bibi mwenye nyumba alimpa jina la Kombo, kwa ajili ya ule mguu. Si kwamba alikuwa anapenda kunguru. Walishamchukulia vifaranga wasio na hesabu, walishamwibia dagaa aliowaanika juani, na kunguru mwingine yeyote akitua uani alikuwa anarushiwa kandambili. Kombo peke yake ndiye aliyesamehewa.

"Huyu ana adabu," alikuwa akisema. "Hachukui mpaka apewe."

Mwenye kisa hiki hasa ni mjukuu wa bibi huyo, dada wa miaka thelathini na kitu, mtafiti wa akili za ndege. Ndiyo, kazi hiyo ipo. Na jamaa zake waliposikia mara ya kwanza walicheka mpaka machozi. "Wenzako wanasomea udaktari, weye unakwenda Marekani kusomea kunguru?" shangazi yake alimwambia mbele za watu, siku ya kumuaga. Mchumba mmoja alikuja kuposa, akauliza binti anafanya kazi gani, akajibiwa, hakurudi tena.

Lakini yeye jambo hilo lilimwingia tangu utotoni. Alikuwa na miaka kumi hivi, anaosha vyombo uani, akamwona kunguru ameshika kipande cha mkate mkavu. Kunguru yule hakukimbia nacho. Alikwenda mpaka kwenye ndoo ya maji, akakichovya, akangoja, akakichovya tena, mpaka kikalainika. Ndipo akala. Mtoto akabaki ameshika sufuria, anajiuliza: nani kamfundisha huyu?

Swali hilo ndilo lililomvusha bahari.

Huko Marekani alikuta watu wameshatumia miaka mingi kujiuliza swali kama lake. Katika mji wa Seattle, mwaka 2006, watafiti wa chuo kikuu waliwatega kunguru wachache huku wamevaa kinyago cha mtu wa kale wa mapangoni. Wakawavisha pete miguuni, wakawaachia. Baada ya hapo kila aliyepita pale chuoni amevaa kinyago kile, awe nani, alipigiwa kelele na kufuatwa na kunguru. Akivaa kinyago kingine, walichokichagua kiwe cha Dick Cheney, makamu wa rais wa wakati huo, kunguru hawana habari naye. Cha ajabu zaidi, miaka ilivyokwenda, waliokuwa wanapiga kelele walizidi kuongezeka. Hata ambao hawakuwahi kutegwa, hata waliozaliwa baadaye. Wameona wakubwa wao wanamchukia mtu yule, nao wakamchukia.

Yaani kunguru anashika sura, anaweka kinyongo, na kinyongo anakirithisha. Kama binadamu tu.

Wengine pale pale walichunguza kunguru wanafanya nini wakimkuta mwenzao amekufa. Wanakusanyika, wanapiga kelele, halafu mahali pale wanapaogopa. Na mtu waliyemwona ameshika mzoga wanamkumbuka kwa wiki kadhaa. Ule mkusanyiko una huzuni ndani yake au hauna, hilo ni jingine, ila una somo: hapa pana kifo, na huyu hapa ndiye.

Dada alipomaliza masomo alipata nafasi ya kufanya kazi Hawaii. Huko ndiko moyo wake ulikobaki.

Hawaii wana kunguru wao anayeitwa ʻalalā. Hayupo kwingine popote duniani. Alipomtajia bibi jina hilo kwenye simu, bibi alicheka sana. "Alala? Basi ndiyo maana kapotea. Amelala, wenziwe wameamka."

Na kweli alikuwa amepotea. Misitu yake ilikatwa, wageni wakaletwa visiwani, panya, paka, nguchiro, na magonjwa ambayo ndege wa kule hawakuyazoea. Mwaka 2002 akatoweka kabisa porini. Waliobaki wote ni wale waliokuwa wanalelewa kwenye vituo, wanazaliana huko chini ya uangalizi wa watu. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba ndege hao wanajua kutumia kijiti kuvuta chakula kilichojificha ndani ya tundu. Walipima 104, karibu wote waliokuwa hai wakati huo duniani, na takriban wanane katika kila kumi walifanya hivyo wenyewe. Ndege mwenye akili kiasi hicho, na wote waliobaki wangetosha kwenye ukumbi mmoja wa harusi.

Kuanzia mwaka huo wakaanza kuwarudisha msituni. Tatizo likawa moja: ndege aliyezaliwa kituoni hajui adui. Kule kuna mwewe wa kienyeji anayeitwa ʻio, na kwa kunguru aliyezoea kuletewa chakula na mtu, mwewe ni ndege mwenziwe tu. Kwa hiyo kabla ya kuachiwa wanafundishwa. Wanaonyeshwa mwewe, wanasikilizishwa sauti za kunguru wenzao za hofu, mpaka waelewe kwamba huyu ukimwona, kimbia.

Kazi ya dada ilikuwa hiyo. Kufundisha kunguru kuogopa.

Haikutosha. Walioachiwa walikufa mmoja baada ya mwingine, na wachache waliobaki wakakamatwa na kurudishwa kituoni mwaka 2020. Mwewe alikuwa miongoni mwa waliowamaliza. Dada aliwajua wale ndege mmoja mmoja, nani mjanja, nani mwoga, nani mchokozi. Kila habari ya kifo ilipokuja alikuwa anajifungia chooni, analia, ananawa uso, anarudi kazini.

Mkataba ulipokwisha akarudi nyumbani. Na nyumbani akapewa kazi ya kunguru tena, ila sasa ya kuwaua.

Kunguru waliojaa Unguja siyo wenyeji. Ni kunguru wa Bara Hindi, yule mwenye shingo ya rangi ya majivu. Waliletwa katika miaka ya 1890, enzi za Waingereza, kwa nia ya kusafisha taka za mji. Taka hawakuzimaliza, wao ndio wakaongezeka. Wakavuka bahari, mwaka 1947 wakaonekana Mombasa, na leo wamejaa mwambao mzima. Wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, wanaiba vifaranga, wanasumbua hotelini na sokoni. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja. Zanzibar nako hawakuanza jana: mwanzoni mwa miaka ya 1990 walitegwa na kuuawa kwa makumi ya maelfu, wakapungua kweli, halafu kazi ikasimama na wao wakarudi.

Sasa kukawa na mradi mwingine, wanataka kuanza na mitaa michache. Wakamwita dada. Wakamwambia, wewe unazijua akili zao, tusaidie tusishindwe tena.

Alikubali upesi, na sababu yake ni Pemba. Kisiwa kile kina ndege wanne ambao hawapo kwingine duniani: bundi wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba na yule kindege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Ukienda msitu wa Ngezi usiku utamsikia bundi yule. Ukimpoteza pale, umempoteza kote. Dada alishaona Hawaii ndege wa kisiwa anavyokwisha, na hakutaka kuona tena mara ya pili, nyumbani kwao.

Kichwani hesabu ilikuwa imekaa sawa. Alipoanza kuandika utaratibu wa kazi ndipo mkono ulipomwia mzito.

Kwa sababu utaratibu wenyewe ulikuwa huu. Kwanza, chakula kiwekwe mahali pamoja kila siku, saa ile ile, bila sumu, siku nyingi, mpaka kunguru wazoee. Pili, anayeweka chakula asijulikane sura. Tatu, sumu iwe ile ya Starlicide inayotumika kwa kazi hii, ambayo haiui papo hapo. Ndege anakula, anaruka, anakwenda kufia mbali baadaye, kwa hiyo wenziwe hawaunganishi chakula na kifo. Nne, mizoga iokotwe alfajiri kabla walio hai hawajaiona.

Alisoma alichoandika, akanyamaza. Kila mstari ulitokana na kitu alichokipenda kwa ndege hawa. Wanakumbuka sura, basi tufiche sura. Wanajifunza kwa maiti, basi tufiche maiti. Kule Hawaii aliwafundisha kunguru kuogopa ili waishi. Huku anawafundisha kuamini ili wafe.

Halafu ikaja ramani.

Mtaa wa bibi yake ulikuwa ndani ya awamu ya kwanza. Kituo cha chakula kimepangwa kwenye uwanja mdogo, hatua mia moja hivi kutoka kwenye ule ukuta wa Kombo. Na ramani aliyepewa aihakiki ni yeye. Penseli mkononi, ufutio mezani. Hakuna ambaye angeuliza kwa nini mtaa mmoja umesogezwa.

Katika ofisi ile alikuwepo mzee mmoja aliyefanya kazi ya mitego ile ya miaka ya 1990. Dada akamuuliza kama mtu anayeuliza mambo ya kawaida tu: "Mzee, mlikosea wapi?"

Mzee akachukua muda kujibu. "Hatukukosea mwanangu. Walipungua mpaka ukaanza kusikia ndege wengine mjini. Halafu fedha zikaisha, tukasimama. Waliobaki wakazaa."

Waliobaki wakazaa. Dada alirudi mezani kwake, akautazama mtaa ule kwenye ramani. Kila mtu ana Kombo wake. Kila mtaa una mtu wa kuuonea huruma. Ukimwacha mmoja wa bibi yako, na jirani amwache wa kwake, basi unaua elfu nzima bure, maana baada ya miaka michache inabidi uue elfu nyingine. Akaurudisha ufutio kwenye kikopo.

Ila kumwua Kombo kwa siri hakuweza. Jioni akaenda kwa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekushuka? Umefiwa?"

Akamweleza yote. Sumu, ramani, uwanja. Bibi alikuwa anakuna nazi, na mbuzi hakuiacha hata mara moja. Alipomaliza kifuu kile akachukua kingine.

"Na Kombo?"

"Na Kombo, bibi. Siwezi kumchagulia."

Bibi akakuna, akakuna. Kisha akasema jambo ambalo mjukuu hakuwahi kulisikia. "Tulipokuwa wasichana, chozi alijenga kiota kwenye kamba ya kuanikia nguo, hapo hapo uani. Mama akatukataza kuitumia kamba. Mwezi mzima tunaanika nguo ukutani, tunagombana na majirani. Makinda yakatoka mawili. Siku moja tumerudi chuoni, kunguru kashika moja, jingine halipo. Mama alilia kama kafiwa na mtoto. Tena tangu hapo chozi hakujenga."

Akapangusa mikono. "Kombo si mbaya. Na yule aliyekula makinda huenda hakuwa mbaya vilevile, alikuwa na njaa tu. Lakini makinda yalikufa."

"Unaniruhusu, bibi?"

"Hukuja kuomba ruhusa weye. Umekuja nikwambie huna dhambi. Hilo siliwezi miye, muulize Mungu wako." Akamtazama. "Usiniambie siku, basi. Ukoko wake nitampa kila siku mpaka asije."

Na suala la sura je? Bibi ndiye aliyelitatua, tena kwa kicheko, maana bibi wa Ng'ambo hata msibani hakosi la kuchekesha. Mjukuu alikuwa anaeleza habari za vinyago vya Seattle, anafikiria watu wa mradi watengeneze vya karatasi. Bibi akasema: "Vinyago vya nini? Nchi hii ina ninja." Basi vijana wa kiume wawili wa mradi wakavaa nikabu na mabaibui asubuhi na mapema, wanaweka vipande vya nyama uwanjani, watoto wanapita wanawasalimia "shikamoo mama", nao wanaitikia kwa kichwa, wanaogopa kutoa sauti.

Siku ziliendelea hivyo. Kunguru walianza watano, wakawa ishirini, wakawa mia na ushee. Dada alikaa pembeni naye amejifunika, anahesabu. Alimtafuta Kombo kila siku, na kila siku hakumwona. Saa ile Kombo alikuwa ukutani kwa bibi, anasubiri ukoko. Dada akaanza kupata tumaini ambalo hakutaka kulitaja hata kwa nafsi yake.

Siku ya mwisho ya chakula safi, Kombo akaja uwanjani. Alitua pembeni, kwa ule mguu wake, akamgeukia dada. Uso ulikuwa umefunikwa, macho tu ndiyo yaliyokuwa nje. Kombo akamtazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akamtazama kwa jingine. Hakupiga kelele. Akachukua kipande, akaondoka.

Alimjua? Dada amesoma mambo haya miaka kumi na mbili, na jibu lake ni kwamba mtu mmoja kumtazama kunguru mmoja si ushahidi wa kitu. Lakini usiku ule hakulala.

Kesho yake sumu ikawekwa.

Bibi hakuambiwa siku, ila alijua. Siku moja baadaye saa moja asubuhi ukuta ulikuwa mtupu. Bibi akaweka ukoko vilevile. Saa mbili, kuku wakaula. Siku ya pili akaweka tena, kuku wakaula tena. Siku ya tatu aliutia moja kwa moja kwenye bakuli la kuku, na habari za Kombo hazikutajwa tena nyumba ile. Vijana waliokota mizoga mingi alfajiri zile. Dada angeweza kwenda kuikagua miguu yote mmoja mmoja. Hakwenda.

Lililomsumbua baadaye halikuwa Kombo peke yake. Siku chache tangu kazi ifanyike alipita jaani, njia ya sokoni, akakuta matumbo ya samaki, maganda, wali uliochacha, mifuko imepasuka. Na juu yake kunguru, wageni kutoka mitaa mingine, wanakula. Aliandika ripoti, na ukurasa wa kwanza wote haukuwa na neno la sumu. Ulikuwa wa taka. Kunguru aliitwa kisiwani kwa ajili ya taka zetu, na madhali taka zipo mwaliko haujafutwa. Kuua bila kusafisha ni kuwaua kina Kombo kila baada ya miaka kumi, na hilo ndilo aliloliita dhambi.

Awamu ya pili inapangwa. Ameombwa aendelee, amekubali, kwa sharti kwamba mitaa isafishwe kwanza na kwamba kazi isisimame katikati. Wapo wenzake wa Marekani wasiomjibu tena barua pepe. Shangazi yule yule aliyemcheka siku hizi anajisifia kwa majirani kwamba mjukuu wa nyumba ile ndiye anayemaliza kunguru. Dada anasema sifa hizo ndizo zinazomuuma kuliko kicheko cha zamani.

Wiki kadhaa zikapita. Jioni moja wamekaa barazani, bibi anachambua mchele, kimya. Ghafla akauliza bila kuinua kichwa:

"Na wale wako waliolala? Wa kule?"

Mjukuu alichukua muda kuelewa. "ʻAlalā? Walitolewa watano msituni, bibi, mwezi wa kumi na moja mwaka 2024. Kisiwa kingine sasa, Maui, ambako mwewe yule hana makazi. Wanawafuatilia."

"Watano?"

"Watano."

Bibi akatoa chuya moja, akaitupa uani. "Mungu awaweke," akasema, akaendelea na mchele wake.

Je, ingekuwa wewe, ufutio uko mezani na hakuna anayekuona, mtaa wa bibi yako ungeuacha kwenye ramani?